Mche na Mbegu: Njia Mbili za Mimea Kuzaliana

Ndugu msomaji, apitaye katika vijiji vya Mbulu na Hanang huona mara kwa mara ua wa miti ya ajabu. Hauna majani ya kutazamika. Una vijiti vya kijani tu, vyembamba kama vidole, na ukikatwa hutoa utomvu mweupe unaodhuru macho. Mti huo ni mnyaa. Wamasai huuita emanyara, na inasemekana kwamba kwa mti huo Ziwa Manyara lilipata jina lake, na kutokana na ziwa hilo ukaitwa Mkoa wa Manyara, uliotengwa na Mkoa wa Arusha mwaka 2002.

Atakaye kujenga ua wa mnyaa hatafuti mbegu. Hukata matawi, huyaacha mpaka utomvu ukauke, kisha huyachomeka ardhini kwa mstari. Baada ya muda matawi hushika mizizi, na boma limezungukwa. Mtoto akiuliza, "Miti hii mama yake ni yupi na baba yake ni yupi?" jibu litamshangaza. Mama yupo, ndiye mti uliokatwa. Baba hayupo kabisa.

Lakini mtoto huyo huyo akishika hindi moja katika shamba la jirani na kuuliza swali lile lile, jibu litakuwa jingine. Kila punje katika hindi hilo ina mama na ina baba, na punje mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu huweza kuwa na baba mbalimbali.

Hizi ndizo njia mbili za mimea kuzaliana. Huenda mtu akasema, "Hayo ni masomo ya watoto wa shule, mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Kila mtu anayeweka mbegu ghalani kwa ajili ya msimu ujao anachagua moja ya njia hizi, ajue asijue. Asiyejua mmea wake umezaliwaje huweza kutunza ugonjwa akidhani anatunza mbegu, au kupoteza mavuno akidhani anaokoa fedha.

Njia ya kwanza: uzazi usio wa kijinsia

Katika njia hii mmea mmoja hutoa mwingine kutokana na sehemu ya mwili wake, bila ua kuhusika. Sehemu hiyo huwa shina, mzizi, tawi au chipukizi. Mgomba huzaa machipukizi ubavuni mwake. Kiazi kitamu hupandwa kwa vipande vya marando. Kiazi mviringo hupandwa kwa kiazi chenyewe, ambacho kwa hakika ni shina lililovimba chini ya ardhi. Yale macho tunayoyaona juu yake ni vichipukizi vinavyongoja wakati wao.

Mfano ulio bora kwa watu wa Mbulu ni kitunguu saumu, zao ambalo limeiletea wilaya hiyo sifa na fedha. Mkulima huvunja kitunguu kimoja, hutenga punje zake, na hupanda kila punje peke yake. Punje moja huwa kitunguu kizima chenye punje nyingi. Tazama tofauti yake na ndugu yake, kitunguu maji: hicho hutoa ua, ua hutoa mbegu nyeusi, na mbegu hupandwa kitaluni. Saumu tunayoilima kwa kawaida haitoi mbegu. Baadhi ya aina zake hupandisha bua la ua, lakini maua hayo hufa, na mahali pake hutokea vitunguu vidogo vidogo ambavyo navyo ni vipande vya mama tu. Binadamu ameipanda saumu kwa punje kwa maelfu ya miaka, hata ikaacha karibu kabisa desturi ya kuzaa kwa mbegu. Ilikuwa katika miaka ya 1980 ndipo wataalamu, miongoni mwao Takeomi Etoh wa Japani, walipoonyesha kwamba saumu kadhaa kutoka Asia ya Kati bado zinaweza kutoa mbegu halisi.

Yafaa sasa tuulize: mtoto aliyezaliwa kwa njia hii anafanana vipi na mama yake? Jibu ni kwamba urithi wake ni ule ule wa mama, isipokuwa yale mabadiliko madogo yanayotokea kwa nadra. Shamba zima la saumu la aina moja, hata kama lina miche elfu ishirini, kwa urithi ni kama mmea mmoja uliotandazwa juu ya ardhi.

Hapa pana faida kubwa. Mkulima akipata aina tamu, yenye punje nene na inayokaa ghalani bila kuoza, hana haja ya kuhofu kwamba mwakani itageuka. Akipanda kipande chake atapata kile kile. Tena mche utokanao na kipande huanza maisha na akiba ya chakula, hivyo hukua upesi kuliko ule utokanao na mbegu ndogo.

Lakini pana hatari mbili, na kila mpanda saumu na viazi sharti azijue.

Hatari ya kwanza ni kwamba kipande hurithi na maradhi ya mama. Virusi vikiingia katika mmea wa saumu, mara nyingi kwa kuletwa na vidukari wanaofyonza utomvu, hukaa ndani ya punje zake. Mkulima akizipanda, amevipanda na virusi. Mmea haufi, lakini kila msimu kitunguu huwa kidogo kuliko cha msimu uliopita. Mwenye shamba huilaumu ardhi kuwa imechoka, ilhali kilichochoka ni mbegu. Hali kadhalika virusi vya viazi vitamu husafiri ndani ya marando kutoka shamba hadi shamba, kwa mkono wa jirani mwema anayemgawia mwenzake mbegu. Na uko ukungu wa kuozesha saumu ambao chembe zake, zikiletwa na punje chafu, huweza kuishi udongoni kwa miaka mingi, hata ishirini, zikingoja saumu nyingine ipandwe.

Hatari ya pili ni kwamba miche yote ina nguvu moja na udhaifu mmoja. Ugonjwa ukiweza kumwangusha mmoja, umeweza kuwaangusha wote.

Ireland ilivyofunzwa

Hatari hii ya pili iliwahi kuonekana waziwazi mbali na hapa, katika nchi ya Ireland. Maskini wa nchi hiyo walikuwa wakiishi kwa viazi mviringo, na sehemu kubwa ya viazi vyao ilikuwa ya aina moja iliyoitwa Lumper. Mwaka baada ya mwaka viazi vilizaliwa na viazi, bila mbegu ya ua kupita kati. Mwaka 1845 uliingia ugonjwa wa baka jani, ule ule ambao hadi leo huunguza majani ya viazi katika nyanda za juu zenye baridi na ukungu. Aina ile haikuwa na kinga. Shamba lililokuwa la kijani liligeuka jeusi kwa muda mfupi, na viazi vikaoza ardhini. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao idadi hiyo wakaihama nchi yao.

Haki yatutaka tuseme kwamba ugonjwa huo peke yake haukutosha kuleta msiba mkubwa kiasi hicho. Umaskini na utawala usiojali pia vilikuwa na sehemu yao. Lakini mlango ulifunguliwa na mbegu ya aina moja. Watu wa Mbulu wanaolima viazi mviringo wasiichukulie habari hii kama hadithi ya Wazungu wa kale.

Njia ya pili: uzazi wa kijinsia

Njia hii hupita katika ua. Ndani ya ua mna sehemu ya kiume, nayo ni stameni, ambayo kwenye ncha yake hutoa vumbi laini liitwalo chavua. Mna pia sehemu ya kike: juu yake ipo stigma inayopokea chavua, na chini yake ipo ovari yenye viini vya mbegu. Chembe ya chavua ikitua juu ya stigma huota mrija mwembamba, unaoshuka mpaka ndani ya ovari, na huko mbegu ya kiume huungana na yai. Kiini kilichotungishwa huwa mbegu, na ovari huwa tunda.

Mimea mingi huwa na sehemu zote mbili ndani ya ua moja. Mingine huzitenga. Mboga hutoa maua ya namna mbili katika mmea mmoja: ua la kike lina kiboga kidogo chini yake, na ua la kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba kitupu. Akina mama wengi wameona maua ya mwanzo ya mboga yakinyauka bila kuzaa, wakasema mmea umerogwa au una ugonjwa. Kumbe hayo ni ya kiume, na kazi yao ni kutoa chavua, si kuzaa. Mingine hutenga zaidi, ikawa mti mmoja ni dume na mwingine ni jike. Mpapai mara nyingi huwa hivyo, na mnyaa tuliouanzia maneno kwa kawaida ni hivyo pia. Basi ua uliotokana na matawi ya mti mmoja huwa wa jinsi moja. Waweza kuzunguka boma zima bila kutoa mbegu hata moja, mpaka apatikane mwenzi wake jirani.

Ni nani mjumbe baina ya dume na jike, ikiwa miti haiwezi kutembea? Wajumbe ni wengi. Mahindi humtumia upepo. Mbelewele zilizo juu ya bua ndizo maua ya kiume, nazo humwaga mamilioni ya chembe za chavua; ndevu zinazotoka kwenye hindi ndizo za kike, na kila uzi mmoja wa ndevu huongoza kwenye punje moja. Uzi usiopata chavua huacha pengo. Ukame ukija wakati ndevu zinapotoka, hindi huwa na mapengo mengi, hata kama mvua itanyesha vizuri baadaye. Sasa wafahamu kwa nini tulisema kwamba punje mbili za hindi moja huweza kuwa na baba mbalimbali: kila uzi hupokea chavua yake.

Alizeti, inayolimwa sana Hanang, huwategemea nyuki. Lile tunaloliita ua moja la alizeti ni mkusanyiko wa maua madogo mengi sana, na kila ua likitungishwa hutoa mbegu moja. Palipo na nyuki wengi, vichwa hujaa. Anayepiga dawa ya wadudu mchana wakati alizeti imechanua anawaua vibarua wake mwenyewe. Huko Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe wamekuwa wakitafuta asali tangu enzi na enzi, na wanajua kwamba mwaka wa maua ndio mwaka wa asali. Katika bonde hilo hilo imo mibuyu, ambayo matunda yake ni chakula chao kikubwa. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, likining'inia, na popo walao matunda hulijia usiku na kubeba chavua kutoka mti hadi mti. Mtu anayemwona popo kuwa ni mkosi tu na akumbuke kwamba popo naye huuhudumia mbuyu.

Iko mimea isiyongoja mjumbe. Maharage na ngano zina maua yenye dume na jike pamoja, na kwa kawaida hujichavusha zenyewe kabla hata ua halijafunguka vizuri. Ngano iliyolimwa katika mashamba makubwa ya Basotu, wilayani Hanang, yaliyoendeshwa na serikali kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980, ilizaliana hivyo, ekari kwa ekari, na watoto wakabaki wakifanana sana na wazazi wao.

Njia ya pili huleta nini?

Njia ya ua huchanganya urithi. Mtoto huchukua sehemu kwa mama na sehemu kwa baba, na hakuna mtoto aliye sawasawa na mwenziwe. Wengine huwa wadhaifu, wengine huwa na nguvu ambayo mama wala baba hakuwa nayo peke yake. Ugonjwa mpya ukija, huwaangusha baadhi na kuwaacha baadhi, na hao waliobaki ndio wazazi wa kesho. Tena virusi vingi, ingawa si vyote, hushindwa kuingia ndani ya mbegu. Kwa hiyo mara nyingi mbegu huanza safi pale ambapo kipande kingeanza mgonjwa.

Hata viazi mviringo, ambavyo tunavipanda kwa vipande, wataalamu hurudi kwenye ua wake wanapotafuta aina mpya. Vile vitunda vya kijani vinavyofanana na nyanya ndogo juu ya mmea wa kiazi havifai kuliwa, maana vina sumu, lakini ndani yake zimo mbegu ambazo kila moja ni kiazi cha namna yake. Mtafiti huzipanda kwa maelfu, akachagua chache zinazostahimili baka jani, kisha huzizidisha kwa vipande. Waona basi kwamba njia mbili hizi si maadui. Ya pili huleta kilicho kipya, na ya kwanza hukihifadhi.

Lakini mchanganyiko nao una gharama yake, na hapa ndipo wengi hukosea kuhusu mahindi. Mbegu chotara inayouzwa dukani huzaliwa na wazazi wawili waliochaguliwa kwa makusudi, na kizazi cha kwanza huwa na nguvu kubwa. Mkulima akivuna na kuyatunza mahindi yale yale kuwa mbegu, urithi hutawanyika katika kizazi cha pili: bua moja refu, jingine fupi, hindi moja kubwa, jingine kama kidole. Mavuno hupungua, na mkulima husema ametapeliwa dukani. Hakutapeliwa. Alitaka njia ya pili imfanyie kazi ya njia ya kwanza, nayo haiwezi.

Mambo ya kutenda

Kutokana na tuliyoyasema, tunaweza kutoa mashauri matano kwa kila anayeweka mbegu.

Kwanza, kwa mazao ya vipande, kama saumu, viazi na migomba, chagua mama shambani kabla ya kuvuna, mmea ukiwa bado na majani. Weka alama kwenye mimea yenye afya, na mbegu itoke humo. Usile vikubwa na kupanda vidogo vilivyobaki, kwa sababu mara nyingi udogo wenyewe ndio dalili ya ugonjwa.

Pili, usipande saumu juu ya saumu katika shamba lile lile kila mwaka, wala usiipandishe baada ya kitunguu maji. Badilisha na mahindi au ngano. Na baada ya misimu kadhaa tafuta mbegu safi kutoka mahali panapoaminika.

Tatu, usitegemee aina moja tu ya kiazi au ya zao lolote la vipande. Aina mbili au tatu katika kijiji ni ngao kwa kijiji kizima.

Nne, maharage na ngano waweza kutunza mbegu yako kwa misimu kadhaa, mradi uchague mimea isiyo na madoa, kwa sababu yako maradhi yanayosafiri ndani ya mbegu. Mahindi ya chotara nunua upya kila msimu. Ukiwa huna uwezo, panda aina zisizo chotara, kama Staha au Situka, ambazo mbegu zake zaweza kutunzwa. Lakini chukua mahindi katikati ya shamba, mbali na shamba la jirani lenye aina nyingine, na uyachukue kutoka mabua mengi, si machache.

Tano, unaponunua, tazama lebo ya Taasisi ya Uthibitishaji Mbegu, yaani TOSCI, yenye makao yake Morogoro. Pakiti isiyo na lebo haina shahidi.

Ndugu msomaji, wewe unayetafuta ukweli umeamriwa na akili yako kutazama kabla ya kusema. Muumba hakuuficha ujuzi huu mbali. Ameuweka katika ua wa boma lako, katika ndevu za hindi na katika punje ya saumu iliyo jikoni. Kesho asubuhi chukua ua moja la mboga, lifungue, uangalie kama chini yake pana kiboga au hapana. Mwite na mwanao aangalie. Kisha nenda ghalani uitazame mbegu uliyoiweka, ujiulize ilizaliwa kwa njia ipi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini shamba la saumu la aina moja huweza kuitwa mmea mmoja kwa urithi?
2. Saumu zikizidi kuwa ndogo kila msimu, taja sababu mbili zinazoweza kuwa katika mbegu yenyewe.
3. Kwa nini ukame wakati wa ndevu huleta mapengo katika hindi?
4. Maharage yaweza kutunzwa kuwa mbegu, na mahindi ya chotara hayafai. Eleza tofauti yake.
5. Ua la mnyaa limekatwa kutoka mti mmoja na halitoi mbegu. Sababu yake yaweza kuwa nini?